Sauti ya Mke wa Golikipa

Mtafsiri wa kibanda cha video pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, huketi pembeni mwa televisheni, kipaza sauti mkononi, kikombe cha maji moto ya tangawizi miguuni. Watu humpendea kile kipindi cha vichekesho cha wanasoka wa kulipwa na wake zao, kwa sababu Kiingereza chao chote hukigeuza Kiswahili papo hapo, na sauti zote ni zake. Nahodha humpa ukali wa afande. Mke wa golikipa humtolea puani, akivuta maneno na kujipepea kwa kofia. Benedicte, mkimbizi wa Beni anayeuza mandazi mlangoni, huingia kila alasiri kumsikiliza mke huyo.

Baada ya Pasaka mtafsiri alipasuliwa koo, na daktari hakuahidi kwamba sauti ingerudi. Jana alirejea, shingo imefungwa kitambaa. Sauti ya nahodha ilitoka mkwaruzo mtupu, watu wakainamisha macho, na Benedicte akakaza mikono kwenye benchi. Mtafsiri akanywa funda moja. Kisha mke wa golikipa akamgeukia mumewe, puani kama zamani: "Weye unadaka mipira yote uwanjani, mutoto yako anaanguka kitandani unamuangalia tu."

Kibanda kizima kikacheka. "Iko muzima," Benedicte akamwambia jirani yake, akifuta machozi kwa kitenge. Kwenye televisheni golikipa alikuwa akijibu, midomo ikicheza bila tafsiri, maana mtafsiri alikuwa amefumba macho, mkono kooni, akiwasikiliza watu kibandani wanavyocheka.