Nilivyojenga Maktaba ya Michoro Nikiwa Edani

Mimi si mtu wa subira, na waliokaa nami chumba kimoja chuoni Kilifi watatoa ushahidi. Chai nainywa ikiwa moto kwa sababu siwezi kuingoja ipoe. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mwondolee mumewe, mvishe dera jeupe lisilo na ua hata moja, mtie katika chumba chenye dirisha la juu linaloonyesha ukuta wa jirani, halafu mwambie akae humo miezi minne na siku kumi.

Sisemi eda ni kitu kibaya. Nilimpenda mume wangu, na wiki za kwanza sikuwa na haja ya kwenda popote. Hata ungenifungulia mlango ningebaki palepale mkekani. Lakini huzuni nayo huchoka, na ikichoka, mwili huanza kudai haki yake. Nililijua lile dirisha kwa kila doa. Nilijua saa ambayo jua lingefika kwenye kitasa cha kabati na saa ambayo lingekiacha. Siku moja sheikh mmoja alisema redioni kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana akiwa na shida ya lazima, nami nikapandisha sauti ili mavyaa asikie kule jikoni. Mavyaa, mamake marehemu mume wangu, alikuja akaizima redio. Akasema sheikh huyo hakuzaliwa Malindi.

Kilichoniinua ni kazi. Kabla ya msiba nilikuwa nikichora tarizi kwa kompyuta katika duka moja la kanzu hapo mjini: shingo, kifua, mikono. Mimi nachora kwenye skrini, duka linachapisha kwenye karatasi, na kina mama wanaufuatisha mchoro kwa sindano majumbani mwao. Mwenye duka, mwanamke wa bara aliyehamia kwetu miaka mingi iliyopita, ana moyo mzuri na ulimi mkali. Alikuja kunipa pole, akakaa nami mkekani, na kabla ya kuondoka akaniambia ukweli. Asingeweza kuiacha nafasi yangu wazi mpaka eda iishe. Kulikuwa na oda ya harusi, kanzu za bwana harusi na wenziwe, na michoro ilitakiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nikiweza kuichora nikiwa ndani, nafasi ni yangu. Nisipoweza, ameshampata msichana mwingine.

Nilisema naweza kabla sijafikiri, kama kawaida yangu. Bila kazi ile, siku ya kutoka edani ningekuwa na njia moja tu, ya kurudi Jilore kwa baba, nikalime mahindi na kungoja mume wa pili. Nilikuwa nimesoma ili nisiwe na njia moja tu.

Laptopu yangu ilikuwa ile ya chuoni, kongwe, inayonguruma ikiwashwa. Mwenye duka aliniachia programu ya kuchorea kwenye flashi. Nikaichomeka, nikaifungua, ikakataa. Ilisema maktaba ya michoro iliyomo kwenye mashine ni ya zamani mno. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni fungu la maelekezo yaliyokwisha kuandikwa, namna ya kuvuta mstari, kupinda duara, kujaza rangi, ambayo programu nyingine huazima badala ya kuanza upya. Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye, anayefanya kazi katika ofisi moja Kilifi. Akasema maktaba iliyo tayari kwa mashine ya umri ule haitengenezwi tena. Lakini walioiandika wameuacha msimbo wake wazi mtandaoni, kila mtu auchukue bure. Itabidi niuchukue huo, maandishi matupu ya watu, niujenge mwenyewe mpaka uwe kitu mashine inachokielewa.

Kuujenga sikuogopa. Vifaa vya kujengea vilikuwamo tangu chuoni, na kazi yenyewe ni amri tatu: ya kwanza hukagua kama mashine ina kila kinachohitajika, ya pili hujenga, ya tatu huweka kila kitu mahali pake. Shida ilikuwa kuupata huo msimbo. Simu yangu ya kioo ilipasuka wiki ya msiba, nikabaki na kabambe ya kupigia tu. Mtandao ulikuwa saiba, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nami sikuruhusiwa hata kusimama barazani.

Basi ikabidi nimtume mavyaa. Niliandika jina la msimbo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamwomba ampe mwenye saiba pamoja na flashi. Aliitazama karatasi kama anatazama dawa asiyoiamini. Akauliza kama ni jambo la haramu. Nikasema ni la tarizi. Akavaa buibui, akaifunga karatasi na flashi kwenye pembe ya leso, akatoka. Ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Alirudi adhuhuri inaadhiniwa, nami nilikuwa nimeshachakaza sakafu kwa kutembea.

Nilitoa amri ya kwanza. Mistari ikashuka, hiki kipo, hiki kipo, hiki kipo, kisha ikasimama: maktaba ya kusoma picha haikupatikana. Ile maktaba, kumbe, nayo huazima kwa maktaba nyingine. Nikaandika karatasi ya pili. Jumatano mavyaa akaenda tena, akarudi saa saba. Nikaijenga hiyo ya picha, nikarudia amri ya kwanza, ikasonga mbele hatua moja na kusimama: maktaba ya herufi haikupatikana. Jumamosi akaenda tena.

Nilianza kuona mchezo. Kila mlango niliofungua ulikuwa na mlango nyuma yake, na funguo zote ziko mjini, na mjini haendi ila mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu ambaye dakika kumi zake zilikuwa masaa matatu. Nilimhesabia. Mchana kutwa nilikaa na masikio mlangoni. Wageni waliokuja kunipa pole waliniona nimekodoa macho wakadhani ni majonzi, wakanisomea dua, nami nikaitikia amina huku nikiwaza flashi iko wapi.

Jumapili, kwa kukosa la kufanya, nikalifungua faili moja dogo lililokuja na msimbo, lile linalosema kwa herufi kubwa kabisa kwamba lisomwe kwanza. Sikuwa nimelisoma. Sisomi maelekezo, hata ya dawa. Lilikuwa na orodha nzima ya vinavyohitajika, vyote kwa pamoja, vimepangwa vizuri. Ningelisoma Jumatatu iliyopita, mavyaa angekwenda mara moja zaidi na mambo yangekwisha. Rafiki yangu wa Kilifi alicheka mpaka nikamkatia simu. Vilikuwa vimebaki viwili. Nikaviandika vyote kwenye karatasi moja, na Jumatatu asubuhi nikampa mavyaa nikimwambia upesi mama, tafadhali, siku zimekwisha.

Alitoka saa tatu. Adhuhuri ikapita. Chakula kikapoa. Nikaswali, nikakaa, nikasimama, nikapanda juu ya kiti kutazama dirishani, na nilichokiona ni ukuta wa jirani. Alasiri ikaadhiniwa. Nikamfikiria yule msichana mwingine ameketi kwenye kiti changu dukani, na Jilore ikanijia na jembe lake. Ndipo mlango ukasukumwa, mavyaa akaingia taratibu, hana hata jasho, akavua viatu.

Hasira yangu haikupiga hodi. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mama wa mumewe, na la mwisho lilikuwa hili: "Mimi ndiye niliyefungwa humu, mama. Wewe una njia nzima, unafanya nini huko?"

Alifungua pembe ya leso, akaiweka flashi mkekani mbele yangu.

"Wewe wahesabiwa siku zako, mwanangu," alisema. "Miezi minne na siku kumi, kisha utafunguliwa. Mimi nani wa kunihesabia?"

Kisha akaniambia, bila kulia, huku akikunja buibui. Mkabala na saiba ndipo ilipo karakana aliyokuwa akitengenezea mafriji mwanawe. Siku ya kwanza alipita tu, wenzake marehemu wakamwita, wakamtolea stuli. Akakaa, na tangu hapo kila safari hukaa. Wanapofanya kazi humzungumza marehemu kwa sauti zao za kawaida, alivyokuwa akichelewa, alivyokuwa akipenda mzaha, bisibisi yake ambayo hakuna aliyejua alikoificha. Hapa nyumbani, alisema, kila mwanamke anayeingia huuliza mjane yuko chumba gani. Wanampita yeye jikoni, aliyemzaa, kuja kunipa pole mimi.

Niliona haya, zile za kweli zinazochoma masikio. Miezi miwili nilikuwa nimelala ukuta mmoja na mama aliyezika mtoto wake, na nilichojua juu yake ni kwamba alinizimia redio. Nilimwomba radhi. Alisema nile, kwani chakula kimeshapoa.

Jumanne amri ya kwanza ilifika mwisho bila kusimama. Nikatoa ya pili, na kazi ya kujenga ikaanza, mistari ikimiminika na asilimia zikipanda polepole pembeni. Mashine ikapata moto kiasi cha kutoshikika. Mavyaa alikuja kuona kelele ni za nini, akatazama, akaenda jikoni akarudi na kipepeo cha kupepea jiko. Akaketi kando yangu akaipepea laptopu tangu asilimia thelathini na kitu hadi mia moja, akibadilisha mkono. Aliuliza mara moja tu kama hawa waliouandika msimbo wanajua kwamba tunao. Nikasema hawajui. Akasema basi Mungu awalipe.

Nikatoa amri ya tatu, nikafungua programu. Ikasema maktaba ya michoro haikupatikana.

Nusura niilaze laptopu chini kwa ngumi. Ilikuwamo, nimeijenga kwa mkono wangu, nimeiona ikiingia. Mavyaa alikuwa ameshasimama, mkono uko kwenye msumari alikotundika buibui. Nikampigia rafiki yangu, naye akaniuliza kama nimeiambia mashine isome upya daftari lake la vilivyomo. Programu haizitafuti maktaba chumba hadi chumba. Huangalia daftari hilo tu, na kisichoandikwa humo kwayo hakipo. Ilikuwa amri moja, fupi.

"Leo hakuna safari, mama," nilimwambia. "Dawa imo humu humu."

Aliliacha buibui pale msumarini, akarudi jikoni.

Programu ilifunguka. Nilichora mchana ule na kesho yake asubuhi, na shingo ile ya bwana harusi ni kazi nzuri, nasema mwenyewe. Mavyaa aliipeleka dukani Jumatano. Jioni mwenye duka akapiga simu akasema nafasi ni yangu, na kwamba kuanzia sasa atamtuma mtu wake kila Jumamosi alete kazi mpya na kuchukua iliyokwisha, maana si vizuri kumsumbua mama mzee na jua hili. Nilimshukuru sana. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na siku sitini na tatu mbele yangu, na ukuta wa jirani ulikuwa palepale. Nilimpelekea mavyaa habari jikoni. Akasema alhamdulillahi, tena akasema mara mbili, na akaendelea kuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuja akasimama mlangoni pangu. Alikuwa amevaa buibui.

"Leo hakuna kinachokosekana kwenye mashine yako?" aliuliza.

Nilitazama skrini. Hakuna kilichokosekana. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikampa pamoja na flashi. Mavyaa hasomi Kizungu, lakini macho yake ni ya mshonaji wa zamani, na mchoro akiuona mara moja haumpotei. Aliitazama karatasi kwa muda.

"Hii si ile ya safari ya pili?"

"Ndiyo hiyo, mama. Yatakiwa tena."

Akaifunga kwenye pembe ya leso, akatoka.