Mkono Nilioushusha

Mume wangu alinunua tochi kwa siku tatu. Siku ya kwanza aliingia katika duka la mzee mmoja wa Kiislamu pale Karatu mjini, akaziangalia tochi zote, akauliza betri zinakaa muda gani, akaaga. Siku ya pili alirudi kuuliza kama kioo kikipasuka kinapatikana kingine. Siku ya tatu mwenye duka alimwona kwa mbali, akamtolea kiti. "Karibu, leo kaa ufikirie vizuri," alimwambia. Akakaa, akafikiri, akanunua ileile aliyoishika siku ya kwanza.

Mimi nisingeweza. Aliponiuliza kama nitakubali anioe, tulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, unga umetujaa kwenye nyusi, na mimi nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Yeye alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Tuliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini, katika shamba letu la mahindi na maharage juu ya mji, kando ya barabara inayopanda kwenda Ngorongoro. Nilichoka kumsubiri, naye alichoka kunikimbiza. Lakini tulipendana.

Mwaka wa mwisho, ng'ombe wetu wa maziwa alivimba tumbo. Mume wangu alikuwa ameenda kumwita bwana mifugo. Nilimwona ng'ombe anavyohema, nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akinywesha ng'ombe mafuta ya kula. Nikachukua chupa, nikamnyanyua kichwa, nikammiminia yote. Alikohoa sana. Mume wangu na bwana mifugo walipofika, alikuwa amelala ubavu na povu puani. Bwana mifugo alisema mafuta yameingia kwenye mapafu, hatapona.

Mume wangu hakunigombeza. Alichuchumaa karibu na ng'ombe, akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, "Ungenisubiri kidogo tu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenipiga. Nikaapa moyoni kwamba kuanzia siku ile sitafanya jambo kubwa bila kutulia, bila kumsikiliza, bila kulala nalo kwanza. Na niliweza. Hata binti yetu, aliyekuwa chuoni akisomea ualimu, alinicheka alipokuja likizo. "Mama, siku hizi umekuwa kama baba."

Ulipofika wakati wa kung'oa maharage, Ijumaa asubuhi, nilimkuta mume wangu ameketi kwenye tuta, jasho linamtoka na jua bado halijatoboa ukungu. Alikuwa anausugua mkono wa kushoto.

"Una nini, baba watoto?"

"Kifua kinabana. Ni misuli tu, jana nilibeba magunia."

"Twende hospitali."

"Tutaenda. Tumalize kung'oa kwanza, mvua ikiyakuta haya yataoza. Twende Jumatatu."

Miguu yangu ilikuwa tayari inakwenda barabarani. Sikuwaza chochote, sikuwa na sababu ya kueleza. Mwili mzima uliniambia mpeleke sasa hivi. Magari mawili ya watalii yalipita, halafu nikaiona pikapu ya jirani yetu mmoja, mwalimu, inashuka kuelekea mjini. Nikanyoosha mkono. Wakati inapunguza mwendo, nikamwona yule ng'ombe, nikayasikia yale maneno ya kusubiri kidogo tu. Nikajiambia, haya sasa, unaanza tena. Nikaushusha mkono.

Mwalimu alisimama hata hivyo, akateremsha kioo. "Mama, unaenda mjini?"

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa nakusalimia tu."

"Haya, msalimie mzee."

Akaondoa gari. Nikarudi shambani, nikainama, nikang'oa maharage. Mume wangu alinitazama akatabasamu, nadhani alifurahi kwamba nimemsikiliza. Jumamosi alisema ana nafuu. Alipanga kila kitu kama kawaida yake: akatafuta kadi yake ya hospitali, akaniomba nipige pasi shati la bluu, akafikiria tutoke saa ngapi ili tusikute foleni.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, alikwenda kugeuza maharage yaliyokuwa yanakauka. Nilimkuta kifudifudi juu ya turubai. Mgongo wake ulikuwa na joto bado, la jua au lake, sikujua.

Jumatatu, saa ileile tuliyokubaliana kutoka, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa kijijini. Shati la bluu alizikwa nalo.

Baada ya mazishi binti yetu alimuuliza daktari wa hospitali ya mjini kama baba yake angepona endapo angefika Ijumaa. Daktari alivua miwani akaisafisha. "Pengine," alisema. "Siwezi kukudanganya kwa upande wowote." Nimelibeba neno hilo, "pengine", mpaka leo. Nikikumbuka ng'ombe, najilaumu kwa pupa. Nikikumbuka ile pikapu, najilaumu kwa utulivu, ule niliojifunza kwa shida na kujivunia. Tena akili zote mbili zilikuwa za mtu yuleyule mmoja. Ningejuaje ni ipi ya kuiamini asubuhi ile? Wenzangu huniambia ni mipango ya Mungu. Nawashukuru, nawapikia chai.

Mwalimu hajawahi kuniuliza chochote. Anapopita hupunguza mwendo, huinua vidole kwenye usukani, nami naangalia pembeni. Kosa si lake.

Mwaka huu binti yetu amepangiwa shule huko Samunge, kwenye milima ya Loliondo, mbali na kwetu. Alikuja jikoni na barua mkononi.

"Mama, niende au nisubiri nafasi ya karibu? Nisikuache peke yako."

Zamani ningemjibu kabla hajakunja barua. Baba yake angemwambia wakae wiki nzima waliangalie jambo hilo. Nilimwambia kweli, kwamba sijui, na kwamba naogopa kumshauri.

Aliketi kwenye kigoda karibu nami. Hakunishinikiza. Tulichambua mboga hadi zikaisha, kisha akainuka kwenda kufunga mizigo yake ya Samunge.