Agave ya Mama imekaa mpakani

Leo nimeshukiwa kunyakua shamba kwa sababu ya maua ya mkebe.

Nilitoka Kibomet asubuhi nikampelekea Mama zawadi huko Myanga. Ni agave, ile inafanana na konge lakini fupi, ya kupendezesha nyumba.

Mama aliangalia miiba, akaangalia wajukuu, akasema hiyo haiingii ndani.

Sawa. Nikaipanda mwisho wa shamba, penye jua na maji hayatuami.

Hata sijanawa mikono, jirani yetu Baba Nekesa akafika na mashahidi wawili.

"Nani amekutuma kuweka mpaka?"

Nilikuwa nimesahau. Huku konge hupandwa kwa kazi moja, kuonyesha shamba la mtu linaishia wapi.

"Mzee, hii ni maua tu."

"Maua gani iko na miiba?"

Mama naye hakunitetea. "Msamehe, Baba Nekesa. Huyu amekaa town sana."

Tukaing'oa, tukairudisha hatua mbili upande wetu. Baba Nekesa akaipiga picha na simu, iwe ushahidi. Akataka niape mbele ya mashahidi kwamba haitasonga.

Nikaapa. Tukanywa chai.

Sasa nimerudi Kibomet, naangalia agave zangu zingine. Nimezitunza miaka minne. Agave ikikomaa inatoa watoto chini kwa chini, na mtoto huchomoza mbali na mama yake, hatua moja, hata mbili, upande wowote anaotaka.

Hilo sikulisema.

Mvua ikianza, nani ananisindikiza Myanga?