Visanduku Vitupu vya Baba

Ghaliya alijifunza kutengeneza tovuti ili jamaa zao wa Maskati waione tena sura ya marehemu baba yake. Mvua za masika zilikuwa zimepenya dari ya nyumba yao ya Malindi na kuzigandisha picha zote za baba zikawa donge moja. Zilizosalimika ni nakala alizowahi kuzitia kwenye kompyuta. Nyumbani kurasa zilifunguka zikapendeza, mama akalia. Basi akazipandisha kwenye intaneti.

Kesho yake, yuko kazini, shangazi yake akampigia simu kutoka Maskati.

"Mwanangu, mbona naona visanduku vitupu?"

Ghaliya akajitukana kimoyomoyo. Alikuwa amepandisha kurasa bila picha. Kila ukurasa ulielekeza kwenye folda iliyomo ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Shangazi angeionea wapi? Lakini dawa yake ilikuwa ndogo: apandishe picha, arekebishe njia za kuzifikia. Akarudi nyumbani mbio.

Folda haipo. Hata pipa la taka la kompyuta lilikuwa tupu. Kaka yake Mazin alikuwa ameifuta apate nafasi ya filamu zake.

"Si ulisema ushazitia kwenye intaneti?" akauliza Mazin.

Ghaliya akaketi, akazirekebisha njia zote, moja moja, bila kukosea hata herufi, zielekee mahali pasipo na kitu.

"Ghaliya!" mama akaita kutoka jikoni.

"Naam."

"Ishatengenea?"

"Ishatengenea, mama."