Matanga ya Mhubiri wa Barafu

Harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji, yakikauka taratibu ndani ya basi lenye joto, hunirudisha kila mara kwenye asubuhi ile Nyanya aliponishika mkono, akafunga mlango wa nyumba yetu ya kupanga huko Coon Rapids, Marekani, akasema tunakwenda kumtafuta mhubiri. Hakusema ni wapi, kwa sababu hakujua. Mama alikuwa hospitalini akiwahudumia wagonjwa, dada yangu Mghoi alikuwa amekwenda shuleni, na mimi, mwanafunzi wa darasa la tano, nilikuwa nyumbani kwa kuwa bomba la maji lilikuwa limepasuka shuleni kwetu. Nyanya alivaa gauni la kanisani, juu yake sweta mbili, juu yake koti la Mama, na juu ya vyote leso. Kwapani alibana kitabu cha Mghoi cha fasihi ya Kimarekani, kile kizito cha shule ya sekondari. Nilimwuliza tutashuka wapi. "Wakio," alisema, "kuuliza si ujinga, lakini ngoja kwanza tupande."

Nyanya alikuwa ametoka kwetu Kenya, kijijini Wundanyi, kuja kukaa nasi majira yote ya baridi, na sasa siku za kurudi zilikuwa zimekaribia. Baridi hakuiogopa sana, maana aliichukulia kama mgeni mkorofi asiyestahili kujibiwa. Kilichomnyima usingizi ni akina mama wa umoja wao kanisani. Walikuwa wamemsindikiza kwa nyimbo, wakamwagiza jambo moja tu: awarudishie neno kutoka Amerika. Mkono mtupu haulambwi. Naye kila Jumapili alikaa safu ya mbele katika kanisa la Wakenya wenzetu, akatega sikio, na kila Jumapili mahubiri yakawa juu ya nyumba mpya, gari jipya na jinsi ya kupandishwa cheo. Yalimalizika kabla kiti hakijapata joto. "Hilo ni tangazo," aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Kama hili ndilo neno, basi nilisikie redioni kwetu bila kupanda ndege."

Ndipo akakigundua kitabu cha Mghoi. Mchana tulipobaki wawili aliniamuru nisome, halafu niseme kwa Kiswahili. Kurasa za kwanza zilikuwa hadithi za wenyeji wa nchi hii, waliokuwapo kabla ya meli za Wazungu, lakini Nyanya alizikataa. Ngano hazisimuliwi mchana, alisema, mtu huota pembe. Tuliruka pia shajara za walowezi walioandika habari za mbwamwitu na kuisha kwa unga, na kalenda za wakulima zilizoeleza siku njema ya kupanda maharagwe na siku njema ya kunyoa ndevu, hadi tukafika kwenye mahubiri. Utangulizi wake uliandikwa kwa herufi ndogo, nikauruka kama mtoto yeyote angeuruka. Mhubiri mwenyewe alikuwa mkali ajabu. Alisema mwenye dhambi ni mtu anayecheza juu ya barafu mwishoni mwa majira ya baridi: anacheka, anaruka, na chini yake maji meusi yametulia, yanamngoja. Kiswahili changu kilikuwa na matundu kama wavu, na penye tundu niliweka chochote nilichokuwa nacho. Nadhani "neema" niliisema "bahati nzuri", na malaika mmoja akawa askari wa trafiki. Nyanya hakujali. Alisimama katikati ya sebule, mikono juu, machozi yakimtiririka, akasema hatimaye Amerika imefungua kinywa.

Kosa lililofuata naliona la haki kabisa. Jumamosi moja kabla ya hapo Mama alikuwa ametupitisha kando ya ziwa lililoganda, na Nyanya akaona kwa macho yake watu wazima wameegesha magari juu ya maji, wamekaa kwenye ndoo, wanavua samaki kupitia matundu, wanacheka. Aliposikia habari ya barafu hakuwa na shaka tena. "Hao ndio anaowasema! Mtu huyu anaishi hapahapa. Amewaona." Nilipopinga kwamba kitabu ni cha zamani, aliniuliza kama Biblia ni ya jana. Basi akaapa kwamba hatapanda ndege kabla hajamsikia Mchungaji yule kwa masikio yake.

Tulifika katikati ya jiji la Minneapolis bila fununu yoyote. Tulipopanda basi la pili, mwanamke mmoja alikaa mbele yetu, na chini ya koti lake kubwa jeusi pindo la leso likachungulia. Kwa Nyanya hiyo ilikuwa ramani tosha. Yule mwanamke aliposhuka, nasi tukashuka. Aligeuka ghafla.

"Ewe mama, mbona wanifuata? Wamtafuta nani na baridi hii?"

"Namtafuta mchungaji."

"Kwangu? Mimi naitwa Zuhura binti Omari, nimetoka Mombasa, na msikiti ule pale ndipo ninaposali."

"Sikukuuliza unasali wapi, dada. Nimekuuliza mchungaji."

Bi Zuhura alicheka hadi akashika nguzo. Alikuwa na duka la viungo na madera pale mtaa wa Phillips, naye aliishi juu yake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na maktaba, akatuvusha akisema kijana wa pale anamjua kila mtu, na asiyemjua anamtafuta kwenye mashine.

Kijana wa maktaba alikuwa mpole, mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Alitazama jina kwenye ukurasa, akanitazama mimi, akamtazama Nyanya aliyekuwa tayari anaiweka leso yake vizuri. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba mhubiri huyo alifariki kabla hata Marekani haijawa nchi. Nilitamani angemwambia mtu mwingine, si mimi. Kichwani niliwaona akina mama wa Wundanyi wamejipanga uwanjani, na Nyanya anashuka garini mikono mitupu.

"Nyanya, amekufa."

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya reli ya Mombasa."

Alikaa. "Na mkewe?"

"Naye pia."

"Watoto?"

"Wote, Nyanya."

"Wote!" Alijifunika uso kwa leso. "Msiba mkubwa namna hii, na kanisa zima lilinyamaza!"

Nilijaribu kueleza, lakini Bi Zuhura alinikanyaga kidole cha mguu, akasema pole, mama, pole sana. Nje theluji ilikuwa imeanza kumwagika kama unga wa gunia lililotoboka, na mabasi yakasimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Bi Zuhura akatupandisha kwake. Nyanya akatamka kwamba huwezi kupokea habari za kifo ukaenda zako kama aliyesikia bei ya vitunguu. Kwa hiyo jioni ile, juu ya duka la viungo, tulikaa matanga. Palikuwa na chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi za nazi. Jirani Mkongomani, Papa Dieudonné, alisikia kuna msiba akaja na sahani ya samaki, akaketi, akalia kwa dhati, na baadaye sana ndipo akaniuliza marehemu ni nani. Bi Zuhura alikuwa ameacha namba yake hospitalini, na Mama akapiga simu kutoka kazini: "Mko wapi? Siwezi kuacha shift! Na Mghoi analia, ana test kesho, kitabu hakionekani!" Nyanya akamjibu kwamba tuko msibani, atulie.

Kisha nikaambiwa nisome. Nilisoma yote, na matundu yangu yote, na askari wangu wa trafiki. Papa Dieudonné alisema amina. Bi Zuhura alitingisha kichwa: "Mzee huyu! Ni ukali wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, amekosa fimbo tu. Lakini moto wake watufaa, hita hii haifanyi kazi." Nyanya hakucheka. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikirudia, sentensi baada ya sentensi, mpaka mwisho. Alipofumbua alikuwa mtu aliyeshiba. "Nimepata," alisema. "Wakiniuliza, nitasema nilimfuata hadi kwake, nikakuta wameshamzika, lakini neno aliliacha kwa mjukuu wangu." Tukatandikiwa godoro kati ya magunia ya mchele na iliki, tukalala.

Mimi shule niliiacha miaka michache baadaye, na tangu hapo sijakaa mji mmoja kwa muda mrefu. Siku hizi simu ingetuambia hapohapo sebuleni kwamba mhubiri amekufa, na tungebaki Coon Rapids, tuna jibu sahihi na hatuna pa kwenda. Duka la Bi Zuhura sasa ni la kinyozi. Lakini Wundanyi, naambiwa, akina mama bado huwaonya vijana kwa habari ya watu wanaocheza juu ya barafu, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona, na kwamba siku ya hukumu patasimama askari wa trafiki. Nami nikimaliza kitabu cha kale na kumpenda aliyekiandika, bado hutazama dirishani kuona kama mabasi yanatembea, kisha huvaa koti.