Cherotich na Mashua ya Adoyo

Mnanisumbua tu. Mkono huu umezoea kuchuma majani chai, si kushika kalamu, na bado mnataka niandike habari ya Cherotich na mashua. Haya, someni, na asinisahihishe mtu.

Cherotich wa Kapsoit alikuwa na mjukuu, Chemutai, mtoto wa mwanawe Nicholas. Hilo ni jina la alfajiri aliyozaliwa. Jina la ndani, la mfu anayerudi kwa mtoto, hakuwa nalo. Akina mama walimpulizia ugoro puani wakataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, ili apige chafya likitajwa la yule anayemjia. Walimtaja Taprandich, mama yake Cherotich, mpaka koo zikakauka. Mtoto akawatazama tu, kama karani wa kupima majani. Cherotich akakosa amani: mtoto asiyetakwa na mfu yeyote, atalindwa na nani?

“Jaribuni upande wetu,” akasema Adoyo, mama yake Maxine aliyeolewa na Nicholas. Adoyo alitoka ziwani zamani, akaja kuchuma majani ya kampuni.

“Watu wa samaki hawawezi kurudi kwa nyumba yangu,” Cherotich akamkata.

Mwaka wa 1994, akina mama wa kanisa, Adoyo na Maxine wakiwemo, wakaenda kuona mambo ya kale katika mji mdogo wa ziwani, kwao Adoyo. Cherotich akaenda na kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye unga wa mkaa, maana hakuamini chakula cha huko. Walionyeshwa gati lililoachwa na meli, na maduka ya zamani ya Wahindi. Cherotich akasema hata Kericho yako, tena yana wateja.

Kisha wakafika penye mashua za kale chini ya mabati. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba kama nguo, na mbele zimechorwa macho. Adoyo akaishika moja ubavuni, akafuata mshono kwa kidole.

“Hii ni ya baba,” akasema. “Aliipa jina la marehemu mama yangu. Apondi.”

Mgongoni mwa Maxine, Chemutai akapiga chafya.

Wanawake wote wakamgeukia Cherotich.

“Hiyo ni vumbi!” akafoka.

“Na ugoro wenu, mama Nicholas, si vumbi?” akajibu mmoja wao.

Walicheka mpaka askari wa lango akaja kuangalia. Cherotich hakucheka. Alilitazama lile jicho la mashua, nalo likamtazama. Kumbe huyo Apondi alikuwa amesimama nje siku zote hizo, na aliyefunga mlango ni yeye Cherotich.

“Apondi,” akaita polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoitukana.

Mtoto akapiga ya pili.

Cherotich akafungua kibuyu, akadondosha mursik kidogo kwenye ubao, kidogo kwenye kifua cha mtoto. “Basi karibu nyumbani, mama. Lakini samaki uwaache huku.”

Adoyo akalia, na akacheka hapo hapo.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyenitoa shambani, kesho njoo na kikapu, majani yangu yamekomaa bila kuchumwa kwa sababu yako. Na mtoto wako umbebe, uniambie amerudiwa na nani.