Ndege Iliyofutwa Kila Siku

Baba yangu, Tokuzo, huja kwetu Jumatatu tu, siku ambayo vinyozi wote wa Shizuoka hufunga. Jumanne haji, wala Jumamosi, mtu asije akadhani amekuja kunyolewa. Mume wangu, Haruyoshi, ni kinyozi, nami natengeneza nywele za wanawake upande wa pili wa duka hilohilo. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, baba hajamruhusu mkwewe aguse hata unywele wake mmoja. Hunyolewa ng'ambo ya mto na mzee anayetetemeka mkono, kisha anarudi na plasta sikioni. "Mumeo ana mkono wa haraka," alisema siku ya posa, na hajabadili neno.

Haruyoshi halalamiki. Lakini baba akishaondoka, namwona anakifuta kile kiti cha kunyolea ambacho baba hajawahi kukikalia. Iliniuma kila Jumatatu.

Mwaka huu akapata wazo. Wakati wa vita baba alikuwa fundi wa ndege za jeshi la majini, zile zinazotua juu ya maji kwa miguu miwili mfano wa mitumbwi. Na Haruyoshi, kama nusu ya wanaume wa mji huu, ni mgonjwa wa vindege vya plastiki. Akasema ataunda ndege ya baba, ndogo ya kukaa mkononi, ampe mwezi wa Mei, chai mpya ikishachumwa. Huenda mzee akaona mkono wake ni mkono gani.

Miezi mitatu meza yangu ya chakula ikawa karakana. Kwanza rangi ya fedha ndege nzima. Juu yake akapuliza dawa ya kushikisha nywele, tena ile yangu ya wateja. Juu ya dawa, kijani kilichokoza. Kijani kikikauka anasugua kwa brashi yenye maji. Dawa inayeyuka chini kwa chini, rangi inabanduka vipande vipande, fedha inachungulia. Ungeapa imepigwa jua miaka mitatu.

"Haru, mama Katsuko ametoka hapa nywele zimemlala kama mwani," nikamwambia. "Kopo lingine limekwenda wapi?"

"Wakati wa vita watu hujinyima, mke wangu."

"Basi jinyime chakula cha jioni."

Akaongeza masizi ya moshi, michirizi ya mafuta tumboni, na chumvi nyeupe miguuni. Wenzake wa chama cha vindege walipoiona waligombania kuishika kwa wivu. Sitaficha, nilijivuna.

Jumatatu ya pili ya Mei baba akafika na mfuko wa chai ya shamba lake, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani. Haruyoshi akampa ndege kwa mikono miwili. Baba akavaa miwani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ndege ya nani hii?"

"Yako, Baba. Namba ya mkiani ni ile uliyomtajia Fumie, mke wangu."

"Namba naiona. Huu uchafu ni wa nani?"

Akapitisha kidole kwenye miguu ya ndege.

"Chumvi hii aliiacha nani? Mimi nilikuwa nimelala? Ikitua tu, naiosha kwa maji matamu, nafuta mpaka chini ya tumbo, ndipo nile. Watu watatu walikuwa wakiweka roho zao humu. Wewe kinyozi, mteja wako humwacha aende na nywele shingoni?"

Nilitaka kumjibu, na ulimi wangu si mfupi, lakini mume wangu akaniwahi. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nimekukosea heshima bila kujua, Baba. Nipe wiki moja." Kisha, bado ameinama, akauliza, "Haikuwa na alama hata moja?"

Baba akaisogeza ndege karibu na miwani. Mwishowe akaweka kidole karibu na kioo cha rubani.

"Hapa. Kila siku nilishika hapa kwa mkono wa kushoto nikifuta kioo kwa wa kulia, rubani aone anakokwenda. Kijani kikaisha. Mkubwa wangu alinigombeza, ati namaliza rangi ya serikali kwa kitambaa."

Haruyoshi aliiondoa kazi yote ya miezi mitatu. Nilimwonea huruma mpaka nikamwekea kopo jipya la dawa mezani, hakuligusa. Alipaka fedha upya, kisha kijani juu yake, laini, bila doa. Pale karibu na kioo akazungusha kitambaa kidoleni akaanza kufuta. Kila mteja akitoka, anafuta kidogo. Siku ya tano fedha ikachungulia, yenyewe, taratibu, upana wa punje ya mchele.

Jumatatu baba akaipokea, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe pale pale. Kwa kidole cha kulia akafuta kile kioo kidogo, mara mbili.

"Walirudi," akasema. "Kila walipotoka, walirudi wote watatu." Akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu mama alipofariki, nami machozi yakanitoka bila aibu.

Akainuka. Badala ya kuelekea mlangoni akaingia dukani, akakaa kwenye kile kiti, ndege mapajani.

"Baba, leo Jumatatu," nikamtania. "Tumefunga."

"Najua. Ndiyo maana hakuna foleni."

Haruyoshi akamfunga kitambaa shingoni, akachukua mkasi. Baba akamtazama kwenye kioo muda mrefu.

"Mkono unakutetemeka."

"Ndiyo, Baba."

"Endelea tu, mwanangu. Nimezoea."